Tathmini ya Mandhari na Swali la Mahali pa Kusimama

Ripoti ya tathmini ya athari za mradi mpya kwa mandhari huwa nzito mkononi. Ndani yake mna ramani zenye madoa ya rangi, picha pana zinazokunjuliwa kama mkeka, na mwishoni jedwali ambalo kila kisanduku chake kina neno moja tu: kubwa, wastani, ndogo, au hakuna. Wajumbe wa kamati ya mipango, ambao aghalabu wana makabrasha mengine ya kupitia kabla ya kikao, hukimbilia jedwali hilo. Mimi ningewasihi waanzie ukurasa ambao karibu kila mtu huuruka, ule wenye orodha ya vituo vya kutazamia. Hapo pameandikwa mtathmini alisimama wapi alipoutazama mradi ambao bado haujajengwa, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya hukumu ya ripoti nzima huwa imekwisha kutolewa katika ukurasa huo, kabla hata picha ya kwanza haijapigwa.

Kabla ya kulifikia hilo, yapo mambo mawili ambayo huchanganywa hata na baadhi ya watu wa fani yenyewe. Athari kwa mandhari ni jambo moja, na athari kwa mwonekano ni jambo jingine. Mandhari ni sura ya nchi yenyewe: miinuko na mabonde yake, mashamba na mipaka yake, misitu, mito, namna majengo yalivyoketi juu ya ardhi, na ile hali inayomfanya mtu ajue kwamba amefika mahali fulani na si pengine. Mwonekano ni kile anachokiona mtu aliyesimama mahali mahususi, akielekea upande fulani, kwa muda fulani. Bonde tulivu likichimbwa kokoto, mandhari yake imeharibika hata kama hakuna nyumba inayolielekea. Na mnara mwembamba ukisimamishwa nyuma ya makazi, huenda sura ya nchi isibadilike sana, lakini kila anayefungua mlango wake asubuhi atakutana nao. Mwongozo unaotegemewa zaidi na wataalamu wa Uingereza, ambao toleo lake la tatu lilichapishwa mwaka 2013, unataka athari hizi mbili zipimwe kila moja kwa njia yake. Ripoti inayozikoroga pamoja huishia kudai kwamba mandhari haijaathirika kwa kuwa hapana mtu wa kuiona, hoja ambayo ni sawa na kusema mti haukukatwa kwa kuwa mwenye shamba alikuwa safarini.

Sheria zimelitambua suala hili hatua kwa hatua. Sheria ya sera ya mazingira ya Marekani, iliyopitishwa na bunge mwaka 1969 na kutiwa saini siku ya kwanza ya mwaka 1970, ilitaja miongoni mwa malengo yake mazingira yenye kupendeza kwa macho, na kufikia mwaka 1974 Huduma ya Misitu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuandaa mfumo wake wa kusimamia mwonekano wa ardhi iliyo chini yake. Ulaya nayo iliiweka mandhari katika orodha ya mambo yanayopaswa kutathminiwa kwa agizo la mwaka 1985. Lakini hati iliyobadilisha fikra zaidi ni Mkataba wa Mandhari wa Ulaya, uliofunguliwa kwa ajili ya saini mjini Florence mnamo Oktoba 2000 na kuanza kutumika mwaka 2004. Mkataba huo unaieleza mandhari kuwa ni eneo kama linavyotambuliwa na watu, lenye sifa zinazotokana na kazi ya maumbile, ya binadamu, au ya vyote viwili kwa pamoja. Tena hauishii kwenye milima mashuhuri na fukwe za kupigiwa picha, maana unajumuisha pia maeneo ya kawaida ya maisha ya kila siku na hata yale yaliyokwisha kuharibiwa. Ukisema mandhari ni eneo kama linavyotambuliwa na watu, umejitwisha swali ambalo jedwali haliwezi kulijibu: watu gani, na wakiwa wamesimama wapi?

Kazi ya kiufundi huanza na ramani ya uwezekano wa kuonekana. Kompyuta hupewa maumbo ya ardhi na urefu wa jengo linalokusudiwa, kisha kwa kila kipande cha ardhi kinachozunguka eneo la mradi hupima kama kuna kilima kinachoziba mstari kati ya jicho la mtu na ncha ya jengo hilo. Hesabu makini huzingatia hata mviringo wa dunia. Kwa umbali wa kilomita 10, takriban mita 7 za chini ya jengo huzama nyuma ya upeo, na kwa kilomita 20 huzama kama mita 27, hapo mkunjo wa mwanga katika hewa ukiwa umekwisha kuhesabiwa. Ramani hiyo ina manufaa makubwa, ila ina tabia mbili za kuangaliwa. Ikichorwa kwa ardhi tupu isiyo na miti wala nyumba, huonyesha jengo likionekana hata mahali ambapo kwa kweli msitu umeliziba. Na ikipakwa rangi moja, huweka katika kundi moja mtu anayeona ncha ya bawa la mtambo wa upepo na mtu anayeuona mtambo mzima kuanzia shina hadi kilele.

Kutoka katika ramani hiyo yenye maelfu ya mahali panapowezekana, mtathmini huchagua vituo vichache, mara nyingi visivyofika hata ishirini na mitano, viwakilishe vingine vyote. Vigezo vya uchaguzi vinajulikana: pawepo vituo vya karibu na vya mbali, vya pande mbalimbali, vya wakazi, vya wapita njia, vya wageni waliokuja hasa kwa ajili ya kutazama. Lakini ndani ya vigezo hivyo mna nafasi pana ya kutembea. Barabara ile ile ina kona ambapo ua mrefu unaziba bonde zima, na hatua arobaini mbele ina lango lililo wazi. Kituo kikiwekwa penye ua, hakuna aliyesema uongo. Barabara imewakilishwa, viwianishi vimeandikwa, picha ni halisi, na athari ni ndogo. Sisemi kwamba washauri elekezi wanafanya hila. Nasema tu kwamba mtathmini analipwa na mwenye mradi, kwamba huenda eneo siku mbili au tatu akiwa na ramani mkononi, na kwamba hata mtu mwadilifu, akikosa wa kumwambia mahali watu wanapopumzika jioni, atasimama pale gari linapoweza kuegeshwa.

Kwa hiyo orodha huwa na barabara nyingi kuliko maisha. Njia ya mkato ya watoto wa shule haimo, wala makaburi, wala kingo za mto ambako watu hukaa bila sababu yoyote ila kukaa. Nyumba zenyewe huachwa kwa makusudi ya kisheria: katika mipango ya Uingereza, kwa mfano, mtu binafsi hahesabiwi kuwa na haki ya kumiliki mwonekano kutoka dirishani kwake, na hali ya wakazi huangaliwa kwa kipimo kingine, yaani kama jengo jipya litaigeuza nyumba kuwa mahali pasipokalika. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwa sababu bila hiyo jirani mmoja angeweza kuzuia ujenzi wote. Walakini madirisha mia moja yanayoelekea upande mmoja ni mtaa mzima, na mtaa ni sehemu ya umma.

Uchaguzi wa kituo unaweza kukosewa hata penye ulinzi mkali. London ina mfumo wa kulinda mitazamo inayoelekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na mmoja wa mitazamo hiyo huanzia kwenye kilima kidogo cha bustani ya Richmond, umbali wa kilomita zipatazo 16. Mnamo mwaka 2016 watu waliotazama kutoka kilima hicho waligundua kwamba nyuma ya kuba la kanisa palikuwa pamechomoza mnara mpya wa ghorofa 42, uliojengwa Stratford, kilomita kadhaa ng'ambo ya kanisa lenyewe. Mtazamaji wa Richmond na mnara wa Stratford walikuwa katika pembe mbili tofauti za jiji kubwa, na kati yao palikuwa na kanisa ambalo kila mtu alidhani lilikuwa limekwisha kulindwa. Jicho halijui mipaka ya wilaya za upangaji. Wahenga walisema macho hayana pazia, ijapokuwa sidhani kama walikuwa wakifikiria minara.

Baada ya kituo huja picha, na hapa inafaa kwenda polepole kwa sababu ndipo msomaji wa kawaida anapoamini kwamba ameona ukweli. Ukubwa wa kitu machoni hupimwa kwa pembe. Mtambo wa upepo wenye urefu wa mita 150 ukiwa umbali wa kilomita 1 hujaza kama digrii 8.5 za wima. Kwa kilomita 10 unabaki na chini kidogo ya digrii 1. Na kwa kilomita 17 hivi kimo chake ni sawa na upana wa mwezi mpevu, ambao ni takriban nusu digrii. Kila mtu anajua mwezi unavyoonekana mdogo katika picha ya simu na unavyoonekana mkubwa unapochomoza juu ya mti. Jicho halisambazi uangalifu wake sawasawa; likipata kitu cha peke yake kwenye upeo, hukishika, na kitu hicho kikiwa kinazunguka, hukishika zaidi.

Picha iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 28, inayokusanya eneo pana zaidi, badala ya ile ya milimita 50, ambayo ndiyo kawaida katika kazi hii, hupunguza urefu wa kila kitu hadi asilimia 56 hivi zote zikichapishwa kwa upana mmoja. Na hata ile ya milimita 50 ina sharti lake: ikichapishwa kwa upana wa sentimita 36, mtu anapaswa kuishika sentimita 50 kutoka usoni ili mambo yaonekane kwa kipimo chake halisi. Ikitazamwa kwenye kioo cha simu kwa upana wa sentimita 12, inabidi iletwe hadi kama sentimita 17 kutoka machoni, umbali ambao hakuna anayeshika simu yake. Mjumbe anayefungua ripoti kwenye simu akiwa safarini anaona mradi uliodogoshwa, bila yeyote kukusudia kumdanganya. Huko Uskoti, ambako mitambo ya upepo imezua mabishano marefu, wakala wa urithi wa asili alitoa mwongozo wa picha za aina hii mwaka 2006, kisha ukafanyiwa marekebisho katika miaka iliyofuata kufuatia malalamiko kwamba mitambo ilikuwa ikionekana midogo kwenye karatasi kuliko itakavyokuwa kilimani. Mabishano hayo yalihusu milimita na sentimita, lakini kilichokuwa kikibishaniwa kwa kweli ni kama wananchi waliridhia jambo walilolielewa.

Hali ya hewa nayo ni mpiga picha wa pili. Mtambo mweupe mbele ya mawingu meupe huyeyuka; mbele ya anga la buluu baada ya mvua hung'ara. Usiku hubadilisha kila kitu, kwani miundo yenye urefu wa mita 150 na kuendelea huhitaji taa za kuwatahadharisha marubani, na mlima uliokuwa giza kwa vizazi hupata mstari wa nukta nyekundu. Ripoti nyingi huliandikia usiku aya moja.

Ndipo tunafika kwenye jedwali. Upande mmoja huandikwa unyeti, unaotokana na thamani ya mahali na uwezo wake wa kuhimili badiliko la aina ile. Upande wa pili huandikwa ukubwa wa badiliko, kwa kuzingatia kimo, eneo linaloguswa, muda litakaodumu na kama linaweza kuondolewa. Pande mbili zikikutana, kisanduku hutoa uzito wa athari. Mwongozo wenyewe wa mwaka 2013 unatahadharisha dhidi ya kuliegemea jedwali kupita kiasi na unataka hoja ielezwe kwa maneno, lakini jedwali lina utamu wake: linafanana na hesabu, na hesabu haibishaniwi. Unyeti wa wastani ukizidishwa kwa badiliko dogo hauleti namba yoyote, kwa sababu hakuna kilichopimwa. Kuna mtu aliyeamua. Ningependa kumsoma mtu huyo akieleza kwa sentensi kamili kwa nini ameamua hivyo, ili nami niweze kumjibu.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya uzuri hayana mizani, kwa kuwa kipendacho moyo ni dawa, na hapa lazima utajwe mnara wa Eiffel. Mnamo Februari 1887 wasanii na waandishi walichapisha gazetini barua ya kuupinga, mnara ukamalizika mwaka 1889, na leo hakuna anayeweza kuifikiria Paris bila huo. Mfano huo ni wa kweli, lakini wanaoutumia kutetea kila jengo husahau kwamba mnara ule uliruhusiwa kwa miaka 20 tu, yaani ulikubaliwa kama kitu kinachoweza kung'olewa. Pia husahau jiji lile lile lilivyofanya baada ya mnara wa Montparnasse, wenye mita zipatazo 210, kukamilika mwaka 1973: mwaka 1977 liliweka kikomo cha urefu kwa majengo yake. Kwamba watu hutofautiana kuhusu uzuri hakumzuii mtathmini kusema kwa usahihi ni nini kitaonekana, na nani, kutoka wapi na kwa muda gani, na hayo ndiyo mengi ya kazi yake.

Kuhusu miti ya kuficha mradi nitasema machache. Desturi ni kutathmini mwaka wa kwanza na tena mwaka wa 15, miche ikiwa imekua, na kwa kawaida athari hushuka daraja moja katika safu ya pili ya jedwali. Mtu mwenye umri wa miaka 70 ana haki ya kuuliza safu hiyo inamhusu vipi. Tena ukuta wa miti ni badiliko lenyewe: mahali palipopendwa kwa uwazi wake, ambapo jicho lilizoea kwenda hadi upeoni, pazia la kijani huziba kile kile kilichokuwa kikitafutwa, na ripoti huliandika upande wa manufaa.

Iko njia moja kongwe ya kuonyesha jengo ambayo haihitaji kuchagua kituo hata kimoja. Nchini Uswisi, kwa kawaida anayeomba kibali cha kujenga husimamisha nguzo au milingoti kwenye kiwanja chake, zikionyesha kona na kimo cha jengo linalokusudiwa, na zinabaki pale watu wakipita. Hakuna lenzi, hakuna umbali sahihi wa kushika karatasi, na hakuna anayemwambia mpita njia asimame wapi. Bibi anaziona kutoka kibarazani, mwendesha baiskeli anaziona kwenye kona. Najua zina mipaka. Nguzo haionyeshi rangi wala uzito wa ukuta, na hakuna atakayesimamisha mlingoti wa mita 150 kuwakilisha mtambo wa upepo, ijapokuwa puto lililofungwa kwa kamba limewahi kutumika kwa minara ya mawasiliano, siku isiyo na upepo. Hata hivyo nguzo hizo zinatufundisha sifa ambayo picha za kompyuta zinakosa: mtazamaji ndiye anayechagua mahali.

Pale nguzo zisipowezekana, sifa hiyo inaweza kuigwa kwa gharama ndogo. Vituo vya kutazamia vipangwe kabla ya michoro kukamilika, kwa kutembea eneo lote pamoja na wakazi, na ripoti ichapishe pia orodha ya vituo vilivyopendekezwa na kukataliwa, kila kimoja na sababu yake. Washauri watalalamika kwamba orodha itakuwa ndefu. Itakuwa ndefu kweli. Lakini sababu ya kukataa kituo, ikiandikwa kwa jina la aliyekataa, huwa ngumu kuandika kuliko neno "ndogo" ndani ya kisanduku.

Haitoshi pia kuwauliza watu bila kuwaonyesha. Bonde la Elbe mjini Dresden liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Mnamo Februari 2005 wakazi wa jiji walipigia kura daraja jipya la njia nne litakalovuka bonde hilo, na takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walilikubali, kwa sababu ambazo si za kubezwa, kwa kuwa msongamano wa magari ulikuwa halisi. Uchunguzi wa kitaalamu wa athari za daraja kwa mwonekano wa bonde ulifanywa na chuo kikuu cha Aachen mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya kura, na ukahitimisha kwamba daraja lingeudhuru. Mwaka huo huo bonde likawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2009 likaondolewa kabisa katika Urithi wa Dunia. Daraja lilifunguliwa mwaka 2013. Huenda wananchi wangelichagua hata kama uchunguzi ungetangulia, na ingekuwa haki yao. Kura ilipopigwa, uchunguzi huo ulikuwa haujaandikwa.